Jinsi ya Kumwona Daudi wa Michelangelo mjini Florence: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kila likizo za katikati ya mwaka zinapokaribia, jamaa na marafiki wanaopanga kupita Italia huniletea maswali yale yale. Wa kwanza huuliza kama Daudi, sanamu maarufu ya Michelangelo, ndiye yule anayesimama uwanjani, anayetazamwa bure. Wa pili amekwisha kununua tiketi ya jumba la sanaa la Uffizi akidhani kuwa Daudi yumo humo. Wa tatu anataka kujua kama dakika ishirini zitamtosha kabla ya kuwahi treni ya kurudi Roma. Majibu mafupi ni: siye, hayumo, na hazitoshi. Marefu ni haya yafuatayo.

Florence ina Daudi watatu wa ukubwa mmoja. Wa asili ni wa marumaru, naye yumo ndani ya makumbusho ya sanaa ya Galleria dell'Accademia, katika barabara ya Via Ricasoli, tangu mwaka 1873. Yule aliye mbele ya Palazzo Vecchio, katika uwanja wa Piazza della Signoria, ni nakala ya marumaru iliyowekwa mwaka 1910 pale pale wa asili aliposimama tangu 1504. Wa tatu ni wa shaba iliyogeuka kijani, na yuko kilimani, Piazzale Michelangelo, ng'ambo ya mto Arno. Uffizi ni jumba jingine kabisa lenye tiketi yake, na tiketi hiyo haikuingizi Accademia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti halali, pamoja na viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa wenye pasipoti za nchi za Afrika Mashariki na Kongo, hata wale wanaoishi Muscat, Dubai au London. Kibali cha kuishi Uingereza au Marekani hakichukui nafasi ya viza hiyo. Kibali cha kuishi katika nchi iliyomo ndani ya Schengen kinatosha.
- Bima ya safari inayolipia matibabu kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, kwa kuwa ni sharti la viza.
- Tiketi yenye saa maalumu ya kuingia. Tenga karibu euro 20 kwa mtu mzima, ukijumlisha na ada ya kuweka nafasi.
- Begi dogo la begani au kipochi. Accademia haina mahali pa kuhifadhi mizigo.
- Chupa ya maji isiyozidi nusu lita, viatu ulivyokwisha kuvizoea, na simu yenye chaji.
- Muda wa saa moja na nusu usio na miadi nyingine.

Ombi la viza linaweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na lisicheleweshwe chini ya siku 15, ingawa mimi singethubutu kungoja hadi hapo. Wengi hukosea kwa kuomba viza ya Italia kwa sababu ya Daudi, huku usiku mwingi wa safari yao ukiwa wa Paris au Amsterdam. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa makini

Accademia hufunguliwa Jumanne hadi Jumapili na hufungwa Jumatatu. Hili nalisema kwa uchungu, maana mara yangu ya kwanza nilifika mlangoni Jumatatu asubuhi, nikiwa na treni ya kuondoka saa tisa, nikabaki kuusoma ubao wa saa za kazi kama barua ya kukataliwa viza. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Jumanne huwa na msongamano, kwa kuwa waliokwama Jumatatu huhamia siku hiyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, lakini hakuna kuweka nafasi, na foleni huanza kujipanga kabla mlango haujafunguliwa. Aliyetoka mbali kwa gharama kubwa asiokoe euro 20 kwa kupoteza nusu siku. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ndizo siku ninazozipendekeza, na hasa nje ya miezi ya Juni hadi Agosti kama ratiba yako inakuruhusu.

Hatua ya 2: Nunua tiketi, kisha isome saa yake mara mbili

Nunua kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe. Ukitafuta kwenye intaneti, kurasa za kwanza nyingi ni za mawakala wanaouza tiketi ile ile kwa bei ya juu zaidi, baadhi yao wakiwa na majina yanayofanana mno na jina la jumba. Si wote ni matapeli, na wengine huongeza kiongozi wa watalii, jambo ambalo lina thamani yake. Hata hivyo, kama unachotaka ni kuingia tu, huna sababu ya kulipa mara mbili. Jaza jina kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti, wala usitumie jina la utani au la nyumbani.

Tiketi iliyokwisha kununuliwa kwa kawaida hairudishiwi fedha. Kwa hiyo, subiri viza itoke kwanza, isipokuwa unasafiri wakati wa Pasaka au kiangazi, ambapo nafasi za asubuhi huisha wiki kadhaa kabla.

Sasa tahadhari inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Saa zinazochapishwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane hadi 24. Iliyoandikwa 8:15 ni saa mbili na robo asubuhi, iliyoandikwa 14:00 ni saa nane mchana, na iliyoandikwa 18:50, ambayo ndiyo saa ya kufunga, ni saa moja kasoro dakika kumi jioni. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwanawe kwa simu kwamba wana nafasi ya "saa nane", na mwana akafika saa mbili asubuhi kwa sababu ndivyo alivyoiona "8:00" kichwani mwake. Mkiwa kundi, tumianeni picha ya tiketi badala ya kuambizana saa kwa mdomo.

Nafasi bora ni ile ya kwanza kabisa ya asubuhi, au zile za baada ya saa kumi na nusu jioni, makundi ya watalii wa siku moja yanapoanza kurudi kwenye mabasi yao.

Hatua ya 3: Fika Florence siku moja kabla

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Florence. Wengi wetu hushukia Roma au Milano, kisha huendelea kwa treni ya kasi, ambayo hutumia takriban saa moja na nusu kutoka Roma Termini na karibu saa mbili kutoka Milano. Kwenye mbao za stesheni utaona jina la Kiitaliano, Firenze. Chagua stesheni ya Firenze Santa Maria Novella, inayofupishwa S.M.N., kwa kuwa mji una stesheni nyingine ambazo zitakuacha mbali na katikati. Ukipanda treni ya kawaida ya mkoa kwa tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama ulilipa nauli kamili.

Ziara ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Roma inawezekana, lakini treni ikichelewa kidogo tu, nafasi yako ya kuingia inakuwa mashakani.

Hatua ya 4: Jioni ya kwanza, nenda ukaione nakala

Ushauri huu huwashangaza watu, nami huushikilia kuliko mwingine wowote. Kabla ya kumwona wa asili, nenda Piazza della Signoria ukasimame mbele ya nakala. Hulipi kitu, na jua likishapungua uwanja hupendeza. Tazama jinsi sanamu inavyosimama mlangoni pa Palazzo Vecchio, makao ya serikali ya mji. Hapo ndipo Daudi aliposimama kwa zaidi ya miaka 360, akipigwa na mvua, baridi na ghasia. Mwaka 1527, katika fujo za kuwafukuza watawala wa ukoo wa Medici, benchi lilitupwa kutoka dirishani na kuuvunja mkono wake wa kushoto vipande vipande; uliunganishwa baadaye.

Tangu mwanzo hakukusudiwa kukaa hapo. Sanamu iliagizwa kwa ajili ya kanisa kuu, isimamishwe juu kabisa karibu na paa. Ilipokaribia kukamilika, Januari 1504, waliitwa mafundi na wachoraji wa mji, Leonardo da Vinci na Botticelli wakiwa miongoni mwao, wajadili iwekwe wapi. Mwezi Mei ikasafirishwa kutoka karakana ya kanisa hadi uwanjani. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini wanaume wapatao 40 waliusukuma mzigo ule kwa siku nne.

Kesho yake, utakapokuwa ndani, utaelewa kwa nini kichwa na mkono wa kulia vinaonekana vikubwa kupita kiasi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sanamu ilichongwa ili itazamwe kutoka chini kabisa, kwa mbali.

Hatua ya 5: Ingia kwenye foleni iliyo yako

Ukiwa kwenye kanisa kuu, yaani Duomo, barabara ya Via Ricasoli huanzia ubavuni mwake upande wa kaskazini. Ifuate moja kwa moja kwa dakika chache hadi uone umati. Mlango hauna fahari yoyote, na wapo wanaoupita bila kujua. Fika dakika 15 kabla ya saa yako.

Kuna foleni ya walioweka nafasi na foleni ya wasioweka. Kosa la kila siku ni mtu mwenye tiketi mkononi kusimama nusu saa kwenye foleni ndefu kwa sababu tu aliona watu wamejipanga. Soma kibao au muulize mlinzi. Baada ya hapo utapita kwenye ukaguzi wa usalama kama wa uwanja wa ndege. Begi kubwa la mgongoni litakurudisha nje, kwa hiyo liache hotelini au kwenye sehemu ya kulipia mizigo stesheni.

Mavazi hayana masharti kama ya kanisani, lakini ukikusudia kuingia Duomo siku hiyo hiyo, funika mabega na magoti.

Hatua ya 6: Usiukimbie ukumbi mrefu

Katika chumba cha kwanza kuna mfano mkubwa wa mchongaji Giambologna, watu watatu waliosukana wakipanda juu. Utazame ukipita. Ukikunja kuingia ukumbi unaofuata, utamwona Daudi mwishoni kabisa, chini ya kuba lenye mwanga wa mchana, na miguu yako itataka kwenda yenyewe. Izuie.

Kando za ukumbi huo kuna sanamu ambazo Michelangelo hakuzimaliza, nne kati yake zikijulikana kama Wafungwa, zilizokusudiwa kwa kaburi la Papa Julius II. Mmoja ametoa kifua na paja, lakini kichwa bado kimo ndani ya jiwe. Mwingine anaonekana kama aliyebeba mwamba shingoni, na mwamba huo ndio kichwa chake mwenyewe ambacho hakikuchongwa. Sogea karibu utazame mikwaruzo: mashimo ya tindo yenye ncha mahali jiwe lilipong'olewa kwa nguvu, kisha mistari sambamba ya tindo yenye meno mahali ngozi ilipoanza kutafutwa. Michelangelo alianza upande wa mbele na kuchimba akirudi ndani, kama mtu anayepunguza maji ndani ya beseni hadi mwili ulioko chini uanze kujitokeza. Kaa hapo dakika 10. Asiyewaona Wafungwa kwanza atamwona Daudi kama kitu kilichotoka kiwandani, kwa sababu juu yake karibu alama zote za kazi zimesuguliwa zikapotea.

Hatua ya 7: Simama mbali kwanza

Simama hatua 15 hivi kutoka kwake, mahali unapoweza kumwona mzima bila kuinua shingo sana. Ana urefu wa mita 5.17, takriban mara tatu ya mtu wa kawaida, na uzito unaozidi tani 5, tena yuko juu ya kitako, yaani jiwe la kusimamia. Hadithi yake huna haja ya kufundishwa. Aliyelelewa na Biblia anaijua kutoka kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, na aliyelelewa na Kurani anamjua adui kwa jina la Jaluti, kutoka Suratul Baqara.

Jambo la kutazama ni wakati uliochaguliwa. Waliomtangulia Michelangelo mjini humo walimwonyesha Daudi akiwa ameshinda, kichwa cha Goliathi kikiwa miguuni pake. Huyu hana kichwa chochote chini, maana vita bado. Kitu kilicho begani mwake wengi hudhani ni taulo au kitambaa, na ni kombeo, linalopita mgongoni hadi mkono wa kulia.

Ndiyo, yuko uchi kabisa, na ni vyema kuwaandaa mapema wazazi au watoto mnaosafiri nao. Katika Samweli, Daudi anavua chapeo na darii alizovishwa na Sauli kwa kuwa hakuzizoea. Mchongaji aliendelea hapo ambapo andiko liliishia.

Hatua ya 8: Mzunguke polepole

Wageni wengi humtazama kwa mbele peke yake, kisha huondoka. Anza hivi: ukiwa mbele yake, tembea kuelekea kulia kwako, upande anaoutazama, hadi usimame pale macho yake yanapoelekea. Uso ulioonekana mtulivu unabadilika. Nyusi zimekunjamana, pua imetanuka, na mshipa wa shingo umesimama. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba huyu ni kijana anayepima umbali kabla ya kurusha.

Endelea hadi ubavuni. Kutoka hapo utashangaa jinsi mwili ulivyo mwembamba kutoka kifuani hadi mgongoni. Jiwe lenyewe ndilo lililoamua hivyo. Lilitoka Carrara, Agostino di Duccio akalianza katika miaka ya 1460 akaliacha, Antonio Rossellino akapewa akaliacha vilevile, kisha likalala uani mwa kanisa kuu kwa miaka kama 25. Michelangelo alipokabidhiwa mwaka 1501, akiwa na umri wa miaka 26, alipewa jiwe jembamba ambalo wengine walikuwa wamekwisha kulichimba, na ilimbidi amtafute Daudi ndani ya kilichosalia.

Nyuma, fuata mkanda wa kombeo kwa macho hadi mkononi. Tazama kisiki kilichoegemea mguu wa kulia. Hicho si pambo, bali ni nguzo inayosaidia kubeba uzito, kwa sababu vifundo vya miguu ni vyembamba na vina nyufa ndogo ambazo wataalamu wamezichunguza kwa miaka mingi. Malizia na mkono wa kulia, wenye mishipa iliyotuna, kisha mguu wa kushoto, ambao kidole chake mtu mmoja alikivunja kwa nyundo mwaka 1991. Kidole kilitengenezwa. Kizuizi kinachokuweka mbali na kitako kipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo, basi usikiegemee.

Hatua ya 9: Piga picha mwishoni

Picha zinaruhusiwa, lakini bila mwanga wa kamera, bila fimbo ya kujipigia picha na bila stendi. Ukianza kwa picha, utamaliza kwa picha. Ukiweza, mpige kutoka ubavuni badala ya mbele, kwa kuwa ya mbele unaweza kuinunua kama kadi dukani, tena iliyopigwa na fundi.

Mambo yakikwama

*Tiketi zimeisha.* Angalia tovuti tena usiku na alfajiri, kwa kuwa nafasi zilizoachwa hurudi. Zikikosekana, simama kwenye foleni ya wasioweka nafasi mapema kabla ya kufunguliwa, au mchana unapoelekea jioni. Hapo ndipo tiketi ya wakala yenye kiongozi inapokuwa suluhisho halali, ukiwa tayari kulipa zaidi.

*Umechelewa.* Nenda moja kwa moja kwa mlinzi wa foleni ya walioweka nafasi, mwonyeshe tiketi na uzungumze kwa upole. Kuchelewa kwa dakika chache mara nyingi huvumiliwa; kuchelewa kwa saa nzima ni juu ya huruma yao.

*Kuna mgomo.* Tafuta neno *sciopero* kwenye habari za siku mbili kabla ya safari. Migomo ya treni hutangazwa mapema, na ndiyo sababu nyingine ya kulala Florence usiku wa kabla.

*Mzee hawezi kusimama au kutembea sana.* Daudi yuko ghorofa ya chini, na kiti cha magurudumu kinafika hadi mbele yake. Mkalishe mzee kwanza, kisha mzungukeni Daudi kwa zamu.

*Bado una hamu.* Nenda makumbusho ya Bargello, ukamwone Daudi wa shaba wa mchongaji Donatello na yule wa mwenzake Verrocchio, wote wakiwa na kichwa cha Goliathi miguuni. Angalia saa zake kabla ya kwenda.

*Viza imekataliwa, nawe unaishi Uingereza.* Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London yana nakala ya plasta ya ukubwa kamili, aliyoletewa Malkia Victoria mwaka 1857, na kiingilio ni bure. Hatua ya 7 na ya 8 zinafanya kazi kwa nakala hiyo pia. Zunguka hadi nyuma ya kitako utafute jani la mtini la plasta, ambalo zamani lilitundikwa kwa haraka kila walipokuja wageni wa kike wa nyumba ya kifalme.